Kamba ya Mita Mia na Thelathini na Nane

Turwa, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Bhoke binti yangu,

Mama yako ameshakwambia habari za kufunga begi, za kutokula ovyo njiani, na za kuweka fedha mahali ambapo mkono wa mwizi hauendi. Bibi yako naye amekwambia habari za wanaume, na kwa sauti ile yake, mpaka majirani wamefaidika bila kulipia. Kwa hiyo mimi sina maagizo. Nina jambo moja tu, limenikaa kooni kwa miaka mitano na zaidi, na kila nikitaka kulisema mdomo unakataa. Leo nimechana kurasa za katikati ya daftari lako la zamani, nimeingia bandani kwenye katani zangu, nimewaambia nasokota.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Dodoma kusomea miamba. Loo! Binti wa msokota kamba anakwenda kusomea umri wa dunia! Tangu matokeo yatoke, nikipita Nyamisangura watu wananishika mkono kwa mikono miwili, hata wale ambao zamani waliniita mtu wa majani. Naringa, sikatai. Mtu asiyeringa siku kama hizi apelekwe hospitali. Lakini katikati ya kuringa kuna mwiba, nao nilijichoma mwenyewe. Nilikudanganya, Bhoke. Nilikudanganya kuhusu kamba yako ya kidato cha pili, na wewe ukanishukuru kwa uongo ule, na watu wakanipigia makofi. Ukishajua yote huenda usiniangalie tena kama unavyoniangalia sasa. Hilo ndilo naliogopa, na ndilo limenifanya ninyamaze.

Acha nianze mwanzo, maana mimi mambo ya kuanzia katikati siyawezi.

Ulikuja hapa hapa bandani, umevaa sare, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Ukasema, "Shikamoo tata. Naomba unisokotee kamba."

Nikakuuliza ni ya ng'ombe au ya mbuzi.

"Ni ya mita mia na thelathini na nane."

Nilicheka mpaka nyuzi zikanidondoka pajani. Kamba ya ndama ni mita tatu, nne ukiwa mkarimu. Nikakuuliza, "Huyo ng'ombe wako anafungwa Tarime anakwenda kula majani Kenya?" Hukucheka. Ukasema, "Sifungi kitu, tata. Napima. Mwalimu wa jiografia ametwambia tuandae kazi za maonyesho ya sayansi, nami nataka kuonyesha umri wa ulimwengu. Mita moja ni miaka milioni mia moja."

Nikasema umri wa ulimwengu anaujua Mungu. Ukanijibu, "Ndiyo, tata, na kwa mwenye kumuuliza anasema." Mtoto wa kidato cha pili huyo! Nikachukua panga nikaenda kukata katani.

Wiki tatu nzima, Bhoke. Nilikata, nikapara, nikaosha, nikaanika, nikasokota. Unajua uzi wa katani haufiki hata mita mbili. Kabla huu haujaisha unachomeka mwingine ubavuni mwake, unasokota, na huo nao kabla haujaisha unachomeka mwingine. Fundi wa kweli haungi kwa kifundo. Ile kamba haikuwa na kifundo hata kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijisifu mnadani, nilijisifu kanisani, nilimsimamisha hata mganga wa mifugo aliyekuwa na haraka zake, nikamwambia njoo uone kamba ndefu kuliko zote Tarime nzima. Nilikuwa sijui inapima nini hasa. Mimi nilijua tu ni ndefu na ni ya mkono wangu.

Halafu ikafika ile Ijumaa alasiri, mahindi yameshavunwa, ukaitandaza shambani kuanzia kwenye choo mpaka kule kwenye mpaka wa Chacha. Ulikuwa umechana kanga kuukuu ya mama yako ukapata vitambaa, kila kimoja umekiandika jina kwa kalamu ya wino usiotoka. Ukanishika mkono. Sikumbuki kama uliwahi kunishika mkono tena tangu ulipokuwa mdogo wa kuogopa bata.

"Anza hapa, tata," ukasema. "Kabla ya hapa hatujui kama kulikuwa na kitu. Hapa kuna joto, joto lisilosemeka, na kila kitu kilichopo leo kimo humo kimebanwa."

"Na mimi nimo?"

"Na wewe umo. Na jembe lako. Na ng'ombe wa Mzee Chacha."

Nikasema ng'ombe wa Chacha watolewe. Wakati ule mimi na Chacha tulikuwa na miaka kumi na mmoja hatusalimiani, kwa sababu ya hatua mbili za shamba. Hatua mbili, binti yangu! Jiwe la mpaka lilikuwa likihama usiku, mara huku mara kule, na kila mmoja wetu anaapa hajaligusa.

Tukatembea. Hatukumaliza hata mita mbili nyota za kwanza zikawaka. Ukanieleza kwamba nyota huzaliwa na hufa, na ndani ya matumbo yake ndimo vitu vinamopikwa; kwamba chuma cha jembe langu kilipikwa humo, na chuma kilichomo kwenye damu yangu ni kile kile, na dhahabu wanayoichimba watu wa wilaya yetu ilikuwepo kabla hata jua halijawaka. Tukatembea tena. Mita hamsini, sitini, themanini, nami nakuuliza, "Dunia iko wapi?" nawe unasema, "Bado, tata." Tulipita mita tisini na mbili ndipo tukaikuta dunia na jua lake vimefungwa kwa kitambaa kimoja. Nilichoka kwa niaba ya Mungu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuchangamka. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, wenyewe tu duniani mita nyingi sana, bila samaki, bila mti, bila nzi. Mawe yetu ya Tarime kwenye mita ya mia na kumi na mbili. Uliponiambia jiwe ninalokalia nikisokota lina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, nilitaka kurudi nikaliombe radhi. Samaki tukawakuta zimebaki mita tano na kitu. Mijusi mikubwa kama nyumba ikafa zimebaki sentimita sitini na sita. Nilikuwa nimefurahi mpaka jasho linanitoka. Ukanionyesha zimebaki pingili mbili za kidole, ukasema, "Hapa, tata, kule ng'ambo ya nyanda za Serengeti, kuna watu wa kale walitembea kwenye majivu ya volkano, na nyayo zao ziko mpaka leo. Mkubwa na mdogo, wanaongozana."

Nikasema, "Kumbe ni huku huku kwetu!" Nilitaka kupiga kelele. Nikakuuliza, "Na sisi sasa? Watu hasa?"

Ukaweka ukucha wako mwishoni mwa kamba. "Milimita tatu. Watu wote, tangu wa kwanza mpaka wewe na mimi."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kuingia baridi. Wewe unajua mimi ni nani katika ukoo huu. Kwenye sherehe, wazee wakitaka mababu watajwe, wananigeukia mimi. Nawataja kumi na wawili, baba na baba yake na baba yake, bila kuvuta pumzi, na watu wananyamaza. Nikakuuliza, "Na mababu zangu kumi na wawili?"

Ukasita. Ulisita kwa huruma, niliiona, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi. Ukasema taratibu, "Tata, uzi mmoja wa katani hata ukiupasua mara hamsini, bado utakuwa mnene kwao."

Nilikusaidia kuikunja kamba, nikasema nimechoka, nikaenda zangu.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, wewe ulikwenda kufua na kuteka maji na mama yako, mkakawia mpaka mchana. Nikachukua panga, nikaivuta kamba mpaka hapa bandani, nikaikata. Nilianzia mwisho, upande wetu. Nikakata vipande vya ndama, vya fahali, na kimoja kirefu cha jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nikavibeba mnadani, vikanunuliwa vyote kabla jua halijapanda, maana ilikuwa kamba nzuri, sitaificha.

Uliporudi ukakuta vitambaa chini. Ulisimama mlangoni pale, ndoo bado kichwani. Nami nikakwambia, bila kupepesa macho, kwamba shida imenibana, kwamba nimeuza ili kuweka akiba ya masomo yako ya mwakani, kwamba mzazi anajua asichokijua mtoto. Maneno yalitoka matamu kuliko nilivyotarajia. Ukashusha ndoo. Ukasema, "Haidhuru, tata. Asante kwa kunisomesha."

Akiba gani, Bhoke? Fedha ile niliilia nyama pale pale mnadani, nikawanunulia na wanaume waliokuwa wamesimama karibu, ili nisikie watu wakicheka nami. Niliikata kamba yako kwa hasira. Nilikuwa na hasira kwa sababu mtoto wangu wa kike alinionyesha kwamba mimi, na baba yangu, na ugomvi wangu wa mpaka, na mababu ninaowataja kwa kifua mbele, hatufiki hata unene wa uzi. Niliona umenitukana. Nikaona heri kuukatakata ulimwengu kuliko kuwa mdogo ndani yake. Ndivyo nilivyo, au ndivyo nilivyokuwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeitembea miaka mitano na bado nilikuwa sijafika mwisho wake, mpaka leo.

Kilichonivunja ni vitambaa. Ungelia, ungenuna, ningejua la kufanya, maana kelele nazijua. Wewe ukaviokota, ukavifua, ukavianika kwenye kamba ya nguo. Jumapili natoka kanisani navikuta vinapepea: NYOTA. JUA NA DUNIA. MAWE YETU. NYAYO. Na kile chekundu cha mwisho, SISI. Niliuona mwandiko wako, ile S yako yenye tumbo, nikahisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Zilikuwa zimebaki siku nne kufika maonyesho. Nikavaa kofia nikatoka.

Ulidhani nilikwenda kuazima vipande kwa watu kwa upole wangu. Ngoja nikwambie ilivyokuwa. Vingi nilivipata kwa kubembeleza, kimoja kwa kumpa mtu kuku. Lakini kile kirefu cha jembe, mita arobaini nzima, mchuuzi aliyekinunua kwangu alikwisha kukiuza, na alipoulizwa kwa nani, akasema kwa Chacha.

Nilisimama njiani kwa muda mrefu kabla ya kuingia kwenye boma la Chacha. Mguu mmoja unasema twende, mwingine unasema tumelogwa? Alikuwa ameketi anachonga mpini. Akaniona, akaweka chini mpini ila panga hakuliweka.

"Umekuja kuniambia jiwe limehama tena?"

"Nimekuja kuomba kamba."

"Kamba gani?"

"Hiyo ya jembe. Niliisokota mimi."

Akaitazama ilipokuwa inaning'inia. "Ndiyo maana haikatiki," akasema. Miaka kumi na mmoja, Bhoke, na neno lake la kwanza la maana kwangu ni sifa. Nilikaribia kulia mbele ya adui.

Akauliza ninaitakia nini. Nikaona nikimdanganya na yeye nitachanganyikiwa uongo upi nimempa nani. Basi nikaketi, nikamweleza ulimwengu. Mimi! Nilianza na lile joto, nikaja na nyota, nikamwambia chuma cha panga lake kilipikwa wapi. Mkewe akaleta uji wa ulezi, naye akakaa kusikiliza. Nilikosea mahali pengi, nadhani mijusi niliiweka baada ya Yesu. Lakini nilipofika mwisho nilisema kweli yote: milimita tatu, mababu, panga langu, nyama ya mnadani, na uongo niliokupa. Chacha aliijua kweli kabla yako. Nisamehe na hilo.

Halafu akauliza, "Na mpaka wetu, zile hatua mbili, ziko wapi kwenye hiyo kamba?"

"Hazimo. Hazionekani."

"Na hii miaka kumi na mmoja?"

"Nayo haionekani."

Mzee yule akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, mkewe akaogopa. "Mura," akasema, akiniita kijana mwenzake, "kumbe tumechoshana bure!" Akainuka akaifungua kamba mwenyewe, ng'ombe wake akawafunga kwa mpira wa baiskeli.

Nimefikiria sana kicheko kile. Habari ilikuwa moja, ile ile uliyonipa wewe shambani. Mimi ilinipandisha hasira, Chacha ikamtua mzigo. Kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye habari. Huko uendako utakutana na watu wa aina zote mbili, na siku nyingine wewe mwenyewe utakuwa wa aina ya kwanza, maana una damu yangu. Ikitokea, mkumbuke Chacha. Sasa pale mpakani tumepanda safu ya katani, kila mtu anavuna upande wowote anaotaka, na lile jiwe mkewe analitumia kusugulia miguu.

Kikabaki kipande kimoja, cha mwisho kabisa, chenye watu. Hicho kilikuwa kimekwenda Natta, kule karibu na Serengeti. Nilipanda lori la mahindi, nikafika nimekuwa mweupe kwa vumbi, nikauliza boma kwa boma mpaka nikampata mwenyewe, kijana anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii na kufuga ndama wachache. Kamba alikuwa nayo. Ila akanionyesha ncha, akajikuna kichwa.

"Mzee, samahani. Huyu ndama ametafuna hapa."

Nikamtazama yule ndama. Anacheua. Binadamu wote, Bhoke, tangu wa kwanza, na zile nyayo za kwenye majivu juu yake, wako tumboni kwa ndama wa Natta! Nilishindwa kujizuia, nikacheka peke yangu mpaka yule kijana akaniletea maji, akidhani ni jua.

Nikarudi na kipande kilichogugunwa, nikaviunga vyote kwa vifundo kwa kukosa muda, na Jumatano mchana nikakaa hapa kusokota watu upya. Ilikuwa kazi ndogo, urefu wa kidole tu. Lakini muulize msokota kamba yeyote, atakwambia ncha ndiyo kazi. Mita mia unaweza kusokota huku unapiga hadithi na mama yako. Ncha inataka macho, ulimi uuchomoze nje, pumzi uibane, kwa sababu ncha ikikaa vibaya kamba inaanza kufumuka. Nilishinda hapo mchana mzima kwa urefu wa kidole. Sisemi kwamba watu ndio wanaoushikilia ulimwengu. Mwalimu wako angenicheka, na nyota hazinihitaji. Nasema tu kwamba hapo, nikiwa nimeinamia kile kipande kidogo, hasira yangu iliisha. Vidole vilielewa kabla ya kichwa. Nilikuwa nimedhani udogo ni tusi, na kumbe maisha yangu yote kazi ninayoionea fahari kuliko zote ni ndogo kiasi hicho.

Ya siku ya maonyesho unayajua, lakini acha niyaseme, maana nayapenda.

Uwanja wenu wa mpira haukutosha! Kamba ilianzia getini, ikapita pembeni ya uwanja, ikaishia mbele ya ofisi ya walimu. Bibi yako aliitembea yote na fimbo yake, na kila kitambaa anasimama, "Hapa nani kazaliwa?" kama yuko kwenye kilio anahesabu ndugu. Mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, yule anayevaa kofia nyeupe ya Kiislamu, alifunga duka lake akaja. Chacha alikuja na mkewe, akawa anawaeleza watu kwa mamlaka kabisa, na kuwapotosha. Nawe ukasimama pale mwisho, sare imepigwa pasi, huna karatasi mkononi.

Ulisema, "Mita zote hizi zilipita hakuna aliyezihesabu. Nyota ziliwaka hazijijui kwamba ni nyota. Jiwe la Tarime halijui umri wake. Huenda kwingine kuna mwingine anayeuliza, hatujui bado. Lakini hapa kwetu, kwenye milimita hizi tatu, ndipo alipotokea wa kugeuka nyuma, akaitazama kamba yote, akauliza, 'Tumetoka wapi?' Tulikuja mwisho, na sisi ndio tuliopima."

Mungu wangu! Bibi yako alipiga vigelegele mpaka fimbo ikamtoka. Watu walipiga kelele kama timu imefunga bao. Mimi nikasema moyoni, huyo ni wangu, huyo nimemzaa mimi, mababu kumi na wawili njooni muone! Na niliwahisi wako pale wote, wembamba vile vile walivyo, wanashangilia. Ulichukua nafasi ya kwanza, na hata usingechukua, mimi nilikuwa nimeshashinda.

Halafu yule mgeni mwenye miwani, aliyekuja kutoa alama, akauliza kwa nini kamba ina vifundo. Ukasema, nalikumbuka neno kwa neno, "Vifundo ni vya baba yangu. Aliiuza kamba kwa ajili ya masomo yangu, halafu akazunguka kuirudisha." Watu wote wakanigeukia. Wakapiga makofi. Walimu wakasimama. Na mimi, badala ya ardhi kunimeza, niliinuka, nikavua kofia, nikawapungia. Chacha alikuwa kando yangu, hakupiga makofi. Alinitazama tu.

Nimefanya makosa mengi, mama yako anayo orodha. Lakini hakuna linaloniuma kama kule kuvua kofia. Kukata kamba ilikuwa hasira, na hasira yangu inajulikana hadi Sirari. Kupokea makofi ilikuwa wizi, na niliyemwibia ni wewe. Wewe siku ile uliwafundisha watu wasiogope ukweli hata kama unawapunguza, na mimi nikiwa mstari wa mbele nikajiongeza kwa uongo.

Sasa umejua. Juzi Chacha aliniambia, "Mwambie kabla hajapanda basi. Huyu anakwenda kutafuta kweli za mawe. Asiende na uongo wako kwenye begi." Nikamwambia anyamaze, anajifanya mchungaji. Lakini nimeandika.

Ungeniuliza nimejifunza nini, ningesema hili tu. Nimeishi miaka mingi nikidhani mtu ni mkubwa kwa kadiri anavyoweza kuwafanya wengine wanyamaze anapotaja majina. Wewe ulinionyesha mtu mkubwa alivyo: ana milimita tatu na anajua ni tatu, na bado anasimama kuhesabu zile zingine zote. Kwenda kwako kesho kusiwe ni kukimbia udogo wa kwetu. Turwa si ndogo kuliko Dodoma. Kwenye kamba ile hata ukucha wako hauwezi kuzitenganisha. Unakwenda kwa sababu ulimwengu ulikaa kimya mita mia na thelathini na saba na ushee, ukapata watu wa kuuliza, na mmojawao ni Bhoke, binti wa Marwa. Sijui ushindi mwingine unaoupita huo. Nikiufikiria, mwiba wenyewe unapungua makali, nabaki na furaha tu, furaha ya kipumbavu, nacheka humu bandani peke yangu.

Mpango wangu ulikuwa niichomeke barua hii kwenye begi lako, uikute ukiwa Singida, mimi niko mbali na macho yako, na hasira yako iishie barabarani. Nimeshaikunja mara moja kwa mpango huo. Nimeifungua tena kuandika haya. Aliyepokea makofi mbele ya watu hawezi kuungama kwa kujificha nyuma ya basi.

Nakuona kupitia mlango wa banda. Unaanua nguo zako, unamcheka bibi yako kwa jambo fulani. Ninainuka sasa hivi, naileta mkononi, na nitasimama mbele yako, bila kofia, mpaka utakapomaliza kuisoma.

Tata yako,
Marwa